Mama anayejifungua asiachwe peke yake

Wahenga walituusia tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii nimeisomesha darasani kwa miaka mingi, nikiwachambulia wanafunzi lile neno "ungalipo", ambalo ndani yake mna dhana ya jambo ambalo bado liko wala halijakoma. Lakini kuichambua methali ni jambo moja, na kuionja maana yake ni jambo jingine. Mimi niliionja usiku mmoja wa mwaka wa 2022, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa wadi ya wazazi hapa jijini Nairobi, pamoja na mama mmoja muuza mboga wa Kawangware ambaye alikuwa amezuiwa kuingia.

Kisa chenyewe si kirefu. Mwanamke anisaidiaye kazi za nyumbani, ambaye huishi Kawangware karibu na kituo cha 46, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza saa nane za usiku. Mumewe alikuwa kazini, kwani yeye ni bawabu wa usiku katika mtaa wa Lavington. Jirani aliyeamka alikuwa yule muuza mboga, mjane wa miaka hamsini na ushei. Ndiye aliyemfunga leso, akambebea beseni, pamba na kadi ya kliniki. Ndiye aliyemwongoza katika vijia vya giza hadi barabarani nilikowapata na gari langu. Njiani nilimsikia akimwambia, "Pumua polepole, mwanangu. Ukisikia uchungu unakuja usishindane nao, uache upite." Maneno yalikuwa hayo hayo machache, lakini kila alipoyarudia, yule binti alitulia.

Tulipofika hospitalini, ambayo sitaitaja, muuguzi alimpokea mja mzito, kisha akamgeukia mwenzake. "Mama, wewe bakia hapa. Humu jamaa hawaingii." Muuza mboga hakubisha. Alisema tu, "Sista, naomba nimshike mkono. Sitatia neno." Mlango ukafungwa. Simlaumu yule muuguzi. Walikuwa wawili tu zamu ile, na wazazi waliokuwa ndani, kwa kukadiria vilio tulivyovisikia, walikuwa wengi kupita uwezo wao.

Mtoto alizaliwa salama alfajiri. Saa ya kuwaona wagonjwa ilipowadia, adhuhuri, muuza mboga aliingia na chupa ya uji. Alimkuta yule binti amelazwa kitanda kimoja na mzazi mwingine, kimya, uso umemparara, na chini yake shuka limelowa damu. Binti alidhani kwamba ndivyo iwavyo kwa kila mzazi. Hakuwa amezaa kabla ya hapo, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Muuza mboga ndiye aliyepaza sauti. Daktari na wauguzi walikuja mbio, wakafanya kazi yao kwa ustadi, na leo mama na mwana wa hai. Hata hivyo sijaacha kujiuliza: je, lau saa ya kuwaona wagonjwa ingalikuwa jioni?

Kazi aliyoifanya yule mjane, na ile aliyozuiwa kuifanya, ina jina huko ng'ambo. Huitwa "doula", neno la Kigiriki ambalo maana yake ya asili ni mjakazi. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Dana Raphael, alilitumia mnamo mwaka wa 1973 katika kitabu chake kuhusu unyonyeshaji, akimaanisha mwanamke anayemtunza mzazi ili naye mzazi apate nguvu za kumtunza mtoto. Tukiliandika kwa hijai yetu litakuwa dula, na msomaji asilichanganye na kifupisho cha jina Abdalla!

Dula si mkunga. Hampimi mama, hamdungi sindano, wala hampokei mtoto. Kazi yake ni kuwa naye. Wakati wa ujauzito humweleza mambo yatakayomfika na kumwandaa asiyaogope. Uchungu ukianza humkanda mgongo, humpa maji, humsaidia kugeuka na kutembea, na humwitia muuguzi panapokuwa na haja. Mtoto akishazaliwa, humsaidia mama kumnyonyesha, humtazama kama anavuja damu au ana homa, na humsikiliza anapolia bila kujua kwa nini analia. Kwa siku hizi hiyo ni taaluma yenye mafunzo na ada. Katika mitaa kama Karen na Lavington, familia zenye uwezo humwajiri dula, na baadhi ya hospitali za kibinafsi humfungulia mlango kwa heshima.

Basi na tuitazame vizuri ramani ya jiji letu. Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Bawabu wetu huuvuka mpaka huo kila jioni na kila alfajiri. Upande mmoja, mwanamke anayelipwa kwa kumshika mzazi mkono huingia naye mpaka kitandani. Upande wa pili, mwanamke afanyaye kazi iyo hiyo kwa mapenzi ya ujirani, bila hata senti moja, huambiwa abakie nje. Mimi mwenyewe nimeonja pande zote mbili. Kifungua mimba wangu nilimzaa peke yangu katika hospitali ya umma, nikikodolea macho dari. Wa pili nilimzaa katika hospitali ya kulipia, na shangazi yangu alikaa kando yangu usiku kucha, tasbihi mkononi. Haki ya kushikwa mkono niliinunua.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, msomaji aniwie radhi nikigusia jambo la sarufi. Kiswahili kina vitenzi viwili vikuu vya tukio hili. Cha kwanza ni "kujifungua". Kile kiambishi "ji" huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu mmoja: mama ndiye aliyefungwa, na mama huyo huyo ndiye anayejifungua. Cha pili ni "kuzalishwa", ambapo kuna mwingine atendaye na mama ni wa kutendewa. Vitenzi vyote viwili ni vya haki, kwani kuna nyakati ambapo mama asipozalishwa na mtaalamu hufa. Ila katika wadi zetu kitenzi cha pili kimekimeza cha kwanza. Mama huambiwa lala, geuka, sukuma, nyamaza. Yule mtu wa tatu, ambaye hazai wala hazalishi bali yupo tu, hana kitenzi katika wadi hizo, na pengine ndiyo sababu hana kiti.

Isidhaniwe kwamba mtu huyo alikuwa mgeni kwetu. Waluo wanaye nyamrerwa, na Wagikuyu wanaye muciarithania, jina lililojengwa kutokana na kitenzi cha kuzaa. Wanawake hao walizalisha, ni kweli, lakini kazi yao ilianza miezi kabla ya uchungu na kuendelea majuma baada yake. Katika pwani yetu, neno lenyewe "mzazi" lina maana mbili: baba au mama wa mtu, na pia mwanamke aliyetoka kujifungua karibuni, ambaye hutunzwa hadi arobaini yake itimie. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wenye pilipili manga, na tumbo lake hufungwa kitambaa kiitwacho mkaja. Mkaja huo huo ndio jina la ada anayotoa bwana arusi kumpa mama wa bibi arusi. Kwa hiyo binti alipoposwa, jamii ilikumbuka kwamba kuna mwanamke aliyefungwa tumbo kwa ajili yake, na kwamba kulikuwa na mikono iliyomfunga.

Pengine mtu atasema hizi ni hisia za wapenda mila. La, hasha. Mwaka wa 1980 watafiti waliofanya kazi katika hospitali moja ya jiji la Guatemala walichapisha matokeo yaliyowashangaza madaktari wengi. Waliwapa baadhi ya wazazi mwanamke wa kawaida, ambaye hawakumjua hapo kabla, akae nao tangu mwanzo hadi mwisho, awapapase na kuzungumza nao. Miongoni mwa waliozaa bila matatizo, waliokuwa na mwenzao walichukua takriban saa tisa, ilhali walioachwa peke yao walichukua zaidi ya saa 19. Tafiti zilizofuata hazikuona tofauti kubwa kiasi hicho, lakini ziliona tofauti. Mapitio ya mwaka wa 2017 yaliyojumuisha tafiti 26 kutoka nchi 17, na wanawake zaidi ya 15,000, yalibainisha kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kidogo, hupasuliwa mara chache zaidi, na huondoka na kumbukumbu njema zaidi. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mwanamke awe na mwenzi wa kumchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Halikusema kila mwanamke tajiri. Lilisema kila mwanamke.

Nchi yetu ina sababu ya pekee ya kulisikia pendekezo hilo. Mkutano wa kimataifa ulioanzisha harakati za uzazi salama ulifanyika hapa hapa Nairobi, mwezi wa Februari mwaka wa 1987. Tangu hapo yamefanyika mengi ya kusifiwa. Mwezi wa Juni mwaka wa 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika vituo vya umma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2008 na 2009 ulionyesha kwamba asilimia 43 tu ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia ule wa 2014 wakawa asilimia 61, na kufikia ule wa 2022 wakawa asilimia 82. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka turudi nyuma. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikadiria kwamba akina mama 355 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na wengi wa marehemu hao huhitaji damu, dawa na daktari kabla ya kuhitaji faraja.

Lakini kumfikisha mama mlangoni ni nusu ya safari. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, uliofanywa katika vituo 13 vya humu nchini, ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watano alidhalilishwa kwa namna moja au nyingine alipokuwa akijifungua. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wanawake wawili zilikiukwa walipozuiliwa katika Hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni. Mwezi wa Machi mwaka wa 2018 mahakama mjini Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungua sakafuni katika hospitali ya umma alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Katika visa vya namna hii mama huwa peke yake mbele ya watu waliochoka. Penye jicho la jirani, ulimi huwa na adabu zaidi, na mkono huwa mwepesi zaidi kufika.

Najua yapo mapingamizi, na hayapasi kudharauliwa. La kwanza ni nafasi. Wadi zimejaa, vitanda vimebanana, na mwenzi wa mama huyu humwona mama yule akiwa uchi. Pingamizi hili ni la kweli, lakini dawa yake ni pazia. Taifa lililojenga barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands halishindwi na kitambaa na bomba la kukitundikia.

Pingamizi la pili linatoka kwa akina mama wenyewe. Patience Afulani na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka wa 2018 kutoka kaunti moja ya magharibi mwa Kenya, waliona kwamba asilimia 67 ya wanawake waliruhusiwa kuwa na mtu muda wote wa uchungu, lakini asilimia 29 tu waliruhusiwa hivyo mtoto alipokuwa akitoka. Hata hivyo, asilimia 63 walisema hawakutaka mtu wao awepo wakati huo wa mwisho. Nilipoisoma takwimu hiyo nilisita. Kisha nikawaza juu ya vyumba vya Kawangware vilivyotenganishwa kwa mabati, ambamo siri ya mtu haimalizi siku moja. Nani atamtaka jirani mwenye mdomo mrefu amwone katika hali ile? Funzo langu ni kwamba neno zito katika pendekezo la mwaka wa 2018 ni "kumchagua mwenyewe". Asiletewe mama mkwe asiyemtaka, na anayetaka kuwa peke yake aachwe. Kulazimishiwa mtu si afadhali kuliko kunyimwa.

Pingamizi la tatu ni hofu kwamba tukiwakaribisha wanawake hawa, tutawarudisha wakunga wa jadi na watoto watazaliwa tena katika vibanda. Jibu la hofu hii nililipata Kibera, ambako nilikwenda baada ya kisa cha muuza mboga ili niwasikilize wanawake wa makamo yake. Kibera ni kitongoji kikongwe. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, nao Wanubi, wazawa wa askari wa kikoloni, wamekaa hapo zaidi ya miaka mia moja. Katika kijiji cha Makina nilikaribishwa na bibi mmoja aliyekuwa mkunga kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaniwekea mkeka, akanimiminia chai ya tangawizi.

"Bibi, bado unazalisha?" nilimwuliza.

"Niliacha, mwanangu. Palikuwa na binti aliyetokwa na damu mikononi mwangu, nikaona mikono yangu haitoshi. Aliokolewa na Mungu na teksi. Tangu siku hiyo nawapeleka hospitali. Nawajua wote, kutoka Lindi hadi Laini Saba. Najua nani mumewe mkali, nani hana mtu, nani hapati chakula. Nawafikisha mlangoni." Alinyamaza kidogo, akaongeza, "Hapo ndipo kazi yangu inapokatiwa."

Bibi huyu hatishii hospitali. Ndiye daraja la kuifikia. Anayejua nini maana ya kutoka Gatwekera au Silanga saa nane za usiku, ambapo gari haliingii na wezi hawalali, atajua thamani ya mwanamke anayeheshimiwa hata na vijana wa kona. Wakati wa kafyu ya mwaka wa 2020 sote tulijionea jinsi njia ya usiku inavyoweza kuwa kaburi. Daktari Jemimah Kariuki wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndipo alipoanzisha mpango wa Wheels for Life, uliowapatia waja wazito usafiri wa bure. Gari lilikuwa la lazima. Lakini gari halimkandi mtu mgongo.

Na kazi haiishii hospitalini. Mama wa Kibera huweza kurudi nyumbani siku ya pili, katika chumba cha futi kumi kwa kumi, maji ya kununua kwa mtungi, mama yake mzazi akiwa mashambani maili mia mbili kutoka hapo. Arobaini ya kale haiko. Hakuna wa kumkanda, na baada ya juma moja yeye huyo mtoto mgongoni akitafuta vibarua vya kufua. Maziwa yakikataa kutoka, au joto likipanda, au huzuni nzito ikimvaa hata asimtake mtoto, nani atajua? Muuza mboga wetu alipita katika chumba cha yule binti kila asubuhi kwa majuma sita, kabla ya kwenda kununua sukuma wiki. Hakuna daftari lililoandika ziara hizo, wala mkuu wa idara aliyezihesabu.

Nini basi kifanywe? Kwanza, kaunti ya Nairobi iamuru kwa maandishi, na tangazo libandikwe kwenye kila mlango wa wadi ya wazazi kwa Kiswahili, kwamba mama ana haki ya kuingia na mtu mmoja aliyemchagua. Haki isiyoandikwa mlangoni hutegemea hisani ya mwenye zamu. Pili, mapazia na viti viwekwe katika bajeti kama zinavyowekwa dawa. Tatu, serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwezi wa Septemba mwaka wa 2023, ilikubali kwamba mwanamke wa mtaani anaweza kuwa sehemu ya mfumo wa afya na kupewa posho. Na tuwaongezee mafunzo mafupi baadhi yao, pamoja na mabibi kama yule wa Makina: dalili za hatari, adabu ya wadi, utunzaji wa siri, na unyonyeshaji. Nne, mpaka uwe wazi. Wasizalishe. Wawepo.

Ama kuhusu jina, sina haraka. Wanafunzi wangu wameshapendekeza "mwandani wa uzazi" na "msindikizaji", na wengine wanaridhika na dula. Baraza lolote la Kiswahili linaweza kulijadili hilo kwa utaratibu wake. Nilimwuliza muuza mboga yeye angependa aitweje. Alicheka, akarudisha fungu la kunde mezani pake. "Mwalimu," akasema, "mimi waniite jirani, bora wanifungulie."